Mashua ya mbao ya mita 6.4: mashine ya 15 inatosha, au nichukue ya 40?

Swali la msomaji wa Kilwa Masoko: "Nina mashua ya mbao niliyoachiwa na babu. Urefu wake mita 6.4 kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), upana mita 1.9, mkuku (uti wa chini) mrefu, mataruma (mbavu) ya mkoko, na bado ina mlingoti na tanga lake. Nataka kuifunga mashine kwa siku za shwari na kwa kuvusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani, mara chache kisiwa cha Songo Songo. Muuzaji ananiambia nichukue ya 40 nisije nikajuta, na jirani yangu mwenye boti ya faiba anayo hiyo hiyo na boti yake inaruka. Fundi aliyeitia kalafati (pamba ya kuziba mianya ya mbao) anasema 15 yatosha. Nimfuate nani?"

Mfuate fundi, ndugu yangu. Mashine inayoifaa mashua hiyo ni HP (nguvu-farasi) 15 ya kawaida yenye shafti ndefu, au HP 9.9 ya aina ya msukumo mkubwa ukiipata. HP 40 itakuongezea noti (maili za bahari kwa saa) moja na nusu au mbili tu, na gharama yake utaiona kwenye petroli, kwenye ubao wa tezi na kwenye kalafati. Nitakueleza hesabu yake ili ujipimie mwenyewe, maana mashua mbili za urefu mmoja zinaweza kutofautiana sana chini ya maji.

Kwanza tuiache boti ya jirani. Faiba ile ina tumbo bapa kuanzia katikati mpaka nyuma. Ikisukumwa kwa nguvu ya kutosha inapanda juu ya maji na kuteleza, na hapo kila HP unayoiongeza unaiona kwenye kasi. Mashua haikuundwa hivyo. Mbao zake za chini zinapanda taratibu kuelekea tezi ili maji yaliyopasuliwa na omo yakutane tena nyuma bila vurugu. Umbo hilo ndilo linaloifanya itembee na upepo mdogo wa asubuhi. Lakini ukilisukuma kupita kasi yake, maji yanayopita chini ya mbao zile zilizopinda yanaivuta tezi chini badala ya kuiinua. Omo inanyanyuka, tezi inakaa, na nyuma yako unaburuta wimbi refu kama ukuta. Petroli yote ya ziada imekwenda kwenye wimbi hilo.

Kasi ya mwisho yenye maana kwa chombo cha namna hii inajulikana kabla hujanunua chochote. Pima urefu wa sehemu inayogusa maji mashua ikiwa na watu na mizigo yake ya kawaida. Tafuta kipeuo cha pili cha urefu huo kwa mita, uzidishe kwa 2.43, jibu ni noti. Mashua ya mita 6.4 yenye omo iliyolala kama za kwetu huwa na karibu mita 5.8 majini. Kipeuo chake ni 2.41, ukizidisha unapata noti 5.8, yaani kilomita 10.8 kwa saa. Hapo wimbi linalotengenezwa na omo limekuwa refu sawa na mashua yenyewe, na tezi imeanza kuzama kwenye bonde la wimbi hilo. Kuanzia hapo chombo kinapanda mlima kilichojitengenezea.

Kutoka Masoko hadi Kisiwani ni kama kilomita 2. Kwa noti 5.2 utavuka kwa dakika 12 na nusu. Kwa noti 6.5 ni dakika 10. Hizo dakika mbili na nusu ndizo unazoambiwa uzinunue kwa mashine yenye uzito na ulafi mara mbili.

Sasa uzito, kwa sababu nguvu inayotakiwa inafuata uzito kuliko kitu kingine chochote. Usikadirie kwa macho. Pima urefu unaogusa maji, upana kwenye mstari wa maji, na kina cha tumbo kutoka mstari wa maji hadi mbao za chini (usihesabu mkuku unaotokeza). Zidisha vyote vitatu, kisha zidisha kwa 0.4, ambayo ni sehemu ya hilo sanduku inayojazwa kweli na chombo chembamba mbele na nyuma. Mashua yenye tumbo nene itachukua 0.45. Kwa vipimo vyako tuseme mita 5.8 kwa 1.7 kwa 0.38: unapata mita za ujazo 1.5. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025, kwa hiyo mashua yako ikiwa imepakia ni kama tani moja na nusu.

Kanuni ya mezani inasema ili kuifikisha mashua kwenye ile kasi yake ya mwisho unahitaji HP 1 kwenye propela kwa kila kilo 230. Tani moja na nusu inataka HP 6.5. Ukiridhika na noti 5.2, HP 1 inabeba kilo 320, kwa hiyo HP 4.7 zinatosha. Kwa noti 4.4 ni HP 2.7 tu. Angalia hapo: kutoka noti 4.4 kwenda 5.8 kasi imeongezeka kwa theluthi, nguvu imezidi mara mbili. Ukitaka noti 6.5 utahitaji zaidi ya HP 9, na kila kipande cha noti baada ya hapo ni ghali kuliko kilichotangulia.

Kanuni hiyo inadhani una propela kubwa inayozunguka taratibu. Mashine za kupachika nyuma nyingi hazina, na hilo nitalirudia chini. Pia haijui kama chini ya mashua yako ni safi au kuna chaza. Ndiyo maana napenda kipimo cha mizani, ambacho hakihitaji kanuni ya mtu.

Omba boti yenye mashine, mizani ya kuning'iniza ya kilo 200 kama ile inayopimia samaki sokoni, kamba ya mita 30 na simu yenye GPS. Chagua asubuhi ya maji mafu, siku ambazo mkondo ni mdogo, kabla upepo haujaamka. Ipakie mashua kama itakavyofanya kazi. Ndoo na madumu ya maji yanaweza kushika nafasi ya wageni. Funga mizani kati ya kamba na shina la mlingoti, mtu mmoja akae kuisoma kwa pembeni, asisimame kwenye mstari wa kamba, maana ikikatika inarudi kwa nguvu. Boti inayovuta iende kwa noti 4.4 na kuishikilia kasi hiyo kwa dakika nzima, kisha 5.2, kisha 5.8. Mashua ivutwe kwa pembeni kidogo ili isitembee ndani ya mapovu ya propela. Rudia ukielekea upande wa pili ili mkondo ujifute, uchukue wastani.

Kwa mashua ya urefu na uzito wako, tegemea karibu kilo 50 kwenye noti 4.4, kilo 70 kwenye 5.2 na kama kilo 90 kwenye 5.8. Zidisha kilo kwa noti, ugawe kwa 60: hiyo ndiyo HP inayotakiwa kutoka mashine ya kawaida yenye propela ndogo. Kilo 70 kwa noti 5.2 ni HP 6. Kilo 90 kwa noti 5.8 ni HP 8.7. Kwa mashine ya msukumo mkubwa gawa kwa 75 badala ya 60, kwa sababu propela yake inapoteza kidogo.

Mizani ikikuonyesha kilo 120 kwenye noti 5.2, usikimbilie kununua mashine kubwa. Ipandishe mashua mchangani, ikwangue, ipakwe upya shahamu na chokaa au rangi ya kuzuia chaza, halafu pima tena. Chaza na majani ya miezi mitatu vinaweza kukunyima zaidi ya tofauti iliyopo kati ya mashine mbili zinazofuatana dukani.

Hayo ni ya shwari. Upepo wa noti 20 unaokuja omo, kusi ikishaingia, unaisukuma nyuma mashua kwa karibu kilo 30 kama sehemu inayopigwa na upepo ni mita 3 za mraba. Hizo ziongeze kwenye zile 70: kilo 100 kwa noti 5.2, gawa kwa 60, ni HP 8.7. Mawimbi nayo yanakula juu yake. Kwa HP 15 unakuwa unatumia kama asilimia 60 ya nguvu na unabakiwa na akiba ya dharura, kwa 9.9 ya msukumo mkubwa hesabu ni HP 6.9, na akiba bado ipo. HP 8 ya kawaida ingefika Kisiwani siku za shwari, lakini siku ya upepo mkali isingekuwa na cha ziada, na kwa chombo kinachobeba watu sikushauri. Foromali (mti unaoshika tanga juu) nayo iteremshe na ulilaze tanga unapokwenda kwa mashine dhidi ya upepo. Foromali iliyopandishwa na tanga lililokunjwa ovyo ni sehemu kubwa ya zile kilo 30.

Kuhusu 9.9 ya kawaida: usiinunue kwa kudhani ni nyepesi. Katika Yamaha za tu-stroki (zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili), 9.9 na 15 zina silinda zenye ujazo uleule wa sentimita za ujazo 246, na uzito wake haupishani kwa maana yoyote. Chukua 15. Ile 9.9 ninayoisema mimi ni FT9.9 na zinazofanana nayo, zilizotengenezwa kwa ajili ya vyombo vizito vya mwendo wa pole.

Tofauti iko kwenye giaboksi na propela. Katika mashine ya kawaida, injini inazunguka mara 2.08 ndipo propela izunguke mara moja. Katika FT9.9 ni mara 2.92. Tuiweke kwenye namba. Injini ikienda mizunguko 5,000 kwa dakika, propela ya kawaida inazunguka 2,404. Ikiwa ina pichi ya inchi 8, yaani kwa mzunguko mmoja ingesonga sentimita 20.3 kama parafujo kwenye ubao, ingetaka kwenda kilomita 29 kwa saa. Mashua inakwenda 10.8. Tofauti yote hiyo ni maji yanayorushwa nyuma bila kazi. Kwenye FT9.9 propela inazunguka 1,712, na kwa pichi hiyo hiyo ingetaka kwenda kilomita 21. Mwanya umepungua sana. Na kwa kuwa inazunguka taratibu, inaweza kuwa pana: karibu inchi 11¾ badala ya 9¼ ya mashine ya kawaida. Propela pana inayosukuma maji mengi polepole ndiyo inayoifaa mashua. Hata kurudi nyuma unapoikaribia gati inakamata, wakati ile ndogo inatoa povu tu.

Basi ukichukua HP 15 ya kawaida, usikubali propela iliyokuja nayo bila kuitazama. Namba mbili zimechongwa kwenye kitovu au kwenye panga lake, mfano 9¼ × 10. Ya kwanza ni upana, ya pili ni pichi, zote kwa inchi. Pichi ya 10 au 11 ni ya boti nyepesi ya faiba. Wewe omba upana mkubwa kuliko zote zinazoingia kwenye mashine hiyo na pichi ndogo kuliko zote, 7 au 8. Kisha pima mizunguko. Kipo kipima mizunguko kidogo cha betri ambacho waya wake unazungushwa kwenye waya wa plagi, na bei yake ni ndogo. Ipakie mashua, fungua mafuta yote. Mashine nyingi za tu-stroki zinatakiwa kufika kati ya 4,500 na 5,500, za fo-stroki kati ya 5,000 na 6,000; kitabu cha mashine yako ndicho cha mwisho. Ikikwama 4,000, propela ni nzito mno. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza inaongeza kama mizunguko 200. Mashine inayolazimishwa kufanya kazi chini ya mizunguko yake inapata joto, inajaza kaboni kwenye pistoni, na siku moja pete zinanasa. Mwenye mashine atalaumu oili, kumbe kosa lilikuwa kwenye propela.

Hapo ndipo pia HP 40 inaiumiza mashua kwa njia ambayo muuzaji hakuambii. Ukiifunga, baada ya wiki utagundua kwamba kasi nzuri ni ile ya robo ya mafuta, kwa hiyo utaiendesha hivyo siku nzima. Tu-stroki inayozunguka pole pole kutwa inalowesha plagi kwa oili na kujaza masizi kwenye njia ya moshi. Halafu siku moja una haraka, unafungua mafuta yote. Msukumo wote wa mashine kubwa unaingia kwenye ubao wa tezi ambao babu yako aliutengeneza kubeba usukani tu. Ubao unachezacheza, misumari inapanua matundu yake, na mbao mbili za chini zinazokutana na mkuku zinaanza kusogea. Pamba ya kalafati inatoka kidogo kidogo, na maji unayakuta ngamani, yaani chini ndani ya mashua, kesho yake asubuhi bila kujua yameingilia wapi. Zaidi ya hayo, 40 ya tu-stroki ina uzito wa zaidi ya kilo 70, ya fo-stroki ni karibu 100. Ongeza mwendeshaji na tenki, zote nyuma kabisa kwenye chombo chembamba tezi. Mashine ya 15 ya tu-stroki ni kilo 40 hivi, FT9.9 imezidi kidogo hapo.

Urefu wa shafti unawakosesha watu wengi kuliko hata ukubwa wa mashine. Shafti fupi ni sentimita 38, ndefu 51, ndefu zaidi 64. Kipimo kinaanzia pale mashine inapokalia hadi kwenye bati bapa lililo juu ya propela. Dukani watakwambia bati hilo liwe sawa na tumbo la boti au sentimita 2 hadi 5 chini yake. Hiyo ni sawa kwa faiba. Kwa mashua ambayo tezi yake imepanda juu ya maji, pima kutoka kwenye maji: chombo kikiwa kimepakia na kimetulia, bati liwe sentimita 15 hadi 20 chini ya uso wa maji. Likiwa juu zaidi, kila wimbi linaloinua tezi litaipa propela hewa, mashine inapiga kelele ghafla na msukumo unapotea.

Fanya hesabu yako: kwa shafti ya 51, mahali pa kukalia mashine pawe sentimita 31 hadi 36 juu ya maji. Kwa shafti ya 64, pawe 44 hadi 49. Pima tezi yako kutoka kwenye maji hadi ukingo wa juu. Mashua nyingi za kwetu zina tezi ndefu kuliko hapo, na mafundi wengine wanachukua msumeno na kukata pengo kwenye ubao. Sikipendi kitendo hicho. Umeifungulia bahari njia ya kuingia nyuma wakati wa kusi, halafu umekata ubao ulioshika ncha za mbao zote za ubavuni. Afadhali kibebeo cha nje.

Kibebeo kinatengenezwa kwa mvule au mninga mkavu. Ubao wa kukalia mashine uwe na unene wa milimita 40 hadi 45, upana sentimita 35, kimo sentimita 30. Ndani ya tezi weka ubao mwingine wa milimita 40 unaovuka kutoka ubavu hadi ubavu, ushikwe kwenye mbao za ubavuni na kwenye mkuku kwa viwiko vya mkoko vilivyopinda kiasili. Boliti za milimita 10 za chuma kisichoshika kutu zipite mbao zote, ndani ziwe na washa pana za sentimita 4. Kila tundu lipakwe gundi ya kuzuia maji kabla ya boliti kuingia. Kabla ya yote hayo, choma ubao wa zamani kwa ncha ya kisu, hasa pembeni na karibu na fashini (nguzo inayosimama mwisho wa mkuku). Kisu kikizama zaidi ya milimita 5 au mbao ikitoa sauti ya mfu ukiigonga kwa mpini wa nyundo, kibebeo kisubiri. Badilisha ubao kwanza.

Tezi ya mashua imelala nyuma, kwa hiyo weka kabari ili shafti isimame wima na bati liwe sambamba na maji. Ikilala, propela inasukuma tezi juu au chini badala ya kusukuma mbele.

Kwa kuwa usukani unakaa katikati, mashine itakaa pembeni. Ifunge upande wa kushoto wa usukani. Propela nyingi zinazunguka kulia, na mzunguko huo unaivuta tezi kidogo upande wa kulia, yaani omo inataka kwenda kushoto. Mashine iliyo kushoto inaisukuma omo kulia. Vitu viwili hivyo vinafutana, na usukani unabaki mwepesi mkononi. Isizidi sentimita 35 kutoka katikati, kwa sababu kadiri ilivyo mbali ndivyo propela inavyotoka majini mashua ikiyumba. Hakikisha ukiiinamisha mashine yote juu haigusi mkono wa usukani. Unapokwenda kwa tanga inamishe kila mara. Propela iliyoachwa majini inaburuta kama ndoo.

Kuna watu wanaouondoa usukani na kuifunga mashine katikati. Inawezekana, ila mkuku mnene unaoishia mbele ya propela unapeleka maji yaliyovurugika, na utasikia mtetemo kwenye mkono wa mashine. Fundi achonge mwisho wa mkuku pande zote mbili uwe mwembamba kwa sentimita 40 za mwisho, na mashine ishushwe sentimita 3 hadi 5 zaidi. Mimi ningeuacha usukani mahali pake. Siku mashine ikizima katikati ya mkondo wa bamvua, tanga na usukani ndivyo vitakavyokurudisha.

Tu-stroki au fo-stroki? Kwa Kilwa, tu-stroki ina vipuri na mafundi karibu, ni nyepesi, na inavumilia. Inakula kama lita 0.45 hadi 0.5 kwa saa kwa kila HP inayotoa. Fo-stroki inakula kama 0.3. Ukienda kwa noti 5 huku mashine inatoa HP 6, ni lita 3 kwa saa dhidi ya 2 hivi. Kama utavusha wageni kila siku, fo-stroki italipa tofauti ya bei. Kama ni mara mbili kwa wiki, tu-stroki. Oili ichanganywe 50 kwa 1, mililita 400 kwenye lita 20, na iwe oili ya mashine za majini yenye alama ya TC-W3; ya pikipiki haifai. Mashine mpya inataka mchanganyiko mzito zaidi saa 10 za mwanzo, mara nyingi 25 kwa 1, soma kitabu chake.

Kwa Songo Songo, ambako ni maili 25 hivi za bahari kutoka Masoko, panga saa 5 kwenda. Kwa tu-stroki ni lita 15 kwenda, 15 kurudi, na 15 za kubaki: lita 45, yaani matenki mawili ya lita 24 karibu yajae. Yaweke katikati ya mashua yafungwe, bomba la mafuta liwe refu kufika nyuma. Kwa njia hiyo uzito unatoka tezi, na ndipo utaona omo inakaa sawa. Chukua plagi mbili, pini ya propela, impela ya pampu ya maji, na makasia. Na kwa sababu utabeba watu, chombo kikaguliwe upya na TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, kikiwa kimeshafungwa mashine, na kila aliyemo awe na jaketi la kujiokolea.

Ukishaifunga, kabla ya wageni fanya safari tano fupi. Baada ya kila moja kaza boliti za kibebeo na ukague viwiko. Pima maji ya ngamani kwa kijiti kilichowekwa alama, asubuhi kabla ya kutoka na jioni ukirudi. Yakizidi siku unazotumia mashine kuliko siku unazokwenda kwa tanga, tafuta mahali kalafati ilipolegea kwenye mbao za mkuku na kwenye ncha zinazokutana na tezi, fundi azizibe upya, na upunguze mafuta mpaka alama ya kijiti irudi pale pale ilipokuwa.